Rekodi za taarab asilia

Rekodi za taarab asilia ni santuri, kanda, CD na faili za sauti zinazohifadhi taarab ya mwambao wa Afrika Mashariki kama ilivyopigwa kabla ya vinanda vya umeme na mtindo wa "rusha roho" kushika nafasi ya mbele katika miaka ya 1990. Nyimbo nyingi mashuhuri za taarab zimerekodiwa zaidi ya mara moja, na waimbaji tofauti, katika miji tofauti na kwa mitambo tofauti ya kunasia sauti. Kwa sababu hiyo, anayetafuta rekodi bora ya wimbo fulani hukutana kwanza na swali la ubora wenyewe: je, ni ile yenye sauti safi zaidi, ile ya mwimbaji hodari zaidi, au ile iliyohifadhi beti nyingi zaidi?

Kwa kawaida rekodi moja haitimizi yote matatu. Santuri ya mwaka 1928 inaweza kuwa na mkwaruzo mwingi na beti chache, lakini ikawa ndiyo pekee yenye sauti ya mwimbaji wa kwanza. CD ya miaka ya 1980 inaweza kuwa na sauti safi na wimbo mrefu, lakini ikawa imepigwa na kizazi kingine kwa ala zilizoongezwa baadaye. Ndiyo maana wasikilizaji wazoefu huuliza kwanza nani ameimba, wapi, mwaka gani na sauti imetoka kwenye chombo gani, kisha ndipo hutoa hukumu.

## Taarab asilia ni nini

Taarab ni muziki wa mashairi ya Kiswahili yanayoimbwa pamoja na ala zenye asili ya nchi za Kiarabu, Uhindi, Ulaya na Afrika yenyewe. Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu na linahusu hali ya kuguswa moyo kwa sababu ya muziki. Masimulizi ya Unguja yanaunganisha mwanzo wake na jumba la Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ambaye anasemekana kumpeleka Mohamed Ibrahim nchini Misri ajifunze kupiga kanuni. Mwaka 1905 kiliundwa chama cha Ikhwani Safaa, ambacho hutajwa kuwa kikundi kikongwe zaidi cha taarab kinachoendelea hadi leo.

Ala za taarab asilia ni pamoja na udi, kanuni (Unguja huitwa pia ganuni), nai, fidla, akodiani, selo, besi, dumbak na rika. Onyesho huanza mara nyingi kwa bashrafu, yaani kipande cha ala tupu kisicho na uimbaji. Baada yake huja nyimbo, ambazo mashairi yake hufuata vina na mizani. Mwimbaji huimba ubeti, ala hujibu, waitikiaji hurudia kiitikio, na katikati wasikilizaji huinuka kwenda kumtunza mwimbaji. Kwa mpangilio huo wimbo mmoja unaweza kuchukua dakika kumi au zaidi ukumbini. Urefu huu ndio chanzo cha tatizo kubwa la kwanza katika rekodi za taarab.

## Historia ya rekodi

### Santuri za lakiri

Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, alikwenda Bombay (leo Mumbai) mwaka 1928 pamoja na wanamuziki wenzake kurekodi kwa ajili ya kampuni ya Gramophone, ambayo santuri zake zilibeba nembo ya His Master's Voice yenye picha ya mbwa akisikiliza gramafoni. Miongoni mwa wenzake walikuwa Subeti Ambar na Maalim Mbaruku wa Mombasa, mpigaji aliyekuwa kipofu. Mauzo mazuri yaliifanya kampuni hiyo na kampuni nyingine, zikiwemo Columbia na Odeon, ziendelee kurekodi muziki wa Waswahili katika miaka iliyofuata. Maisha ya Siti yaliandikwa na Shaaban Robert katika kitabu Wasifu wa Siti binti Saad. Siti alifariki mwaka 1950.

Santuri za wakati huo zilitengenezwa kwa mchanganyiko wenye lakiri, kitu kigumu lakini chepesi kuvunjika. Zilizunguka mara 78 hivi kwa dakika. Upande mmoja wa santuri yenye upana wa sentimita 25 ulitosha dakika tatu na kidogo tu. Ikiwa ubeti mmoja pamoja na kiitikio na jibu la ala huchukua dakika moja, basi upande mzima ulitosha beti tatu. Kampuni ziliweza kuendeleza wimbo upande wa pili, lakini hapo msikilizaji alilazimika kusimama, kugeuza santuri na kuanza tena. Wanamuziki kwa hiyo walifupisha dibaji ya ala, wakapunguza marudio na kuchagua beti za kuimba. Anayesikiliza santuri hizo leo anasikia taarab iliyopimwa kwa ukubwa wa sahani. Siyo taarab ya usiku mzima iliyopigwa nyumbani au ukumbini.

Kwa upande mwingine, rekodi hizo zilibahatika kuja baada ya mabadiliko makubwa ya kiufundi. Kabla ya mwaka 1925 wanamuziki waliimba mbele ya pembe kubwa ya chuma iliyopeleka mtikisiko wa sauti moja kwa moja kwenye sindano ya kuchonga. Kuanzia mwaka huo kampuni kubwa zilianza kutumia maikrofoni ya umeme, iliyoweza kunasa sauti nyembamba na ala za mlio mdogo kama udi. Ndiyo maana santuri ya Siti iliyotunzwa vizuri bado inaonyesha pumzi yake na namna alivyotamka maneno.

### Redio na kanda

Utangazaji wa redio ulianza Dar es Salaam na Unguja mwaka 1951. Kituo cha Dar es Salaam kilikua na kuwa shirika la utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, kisha Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1965, na leo urithi wake uko mikononi mwa Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC). Redio zilirekodi vikundi katika studio zao kwa kanda za sumaku. Kanda haikuwa na kikomo cha dakika tatu, hivyo wimbo uliweza kupigwa kwa urefu wake. Kwa sababu hiyo baadhi ya rekodi kamili zaidi za taarab ya miaka ya 1950 hadi 1980 zilifanywa kwa ajili ya kurushwa hewani na hazikukusudiwa kuuzwa dukani.

Udhaifu wa kanda ni kwamba hufutika. Kanda tupu ziligharimu fedha, na vituo vingi vya redio duniani vilikuwa na desturi ya kurekodi kipindi kipya juu ya cha zamani. Joto na unyevunyevu wa mwambao navyo huota ukungu kwenye kanda na kulegeza gundi inayoshikilia unga wa sumaku.

### Mombasa na Tanga

Katika miaka ya 1960 na 1970 Mombasa ilikuwa kitovu kikubwa cha kutoa santuri za taarab, hasa kupitia lebo ya Mzuri ya duka la muziki la Assanand. Waimbaji wake waliojulikana ni pamoja na Juma Bhalo, Zuhura Swaleh, Matano Juma, Maulidi Juma na Zein l'Abdin, fundi wa udi mwenye asili ya Lamu. Juma Bhalo alijulikana kwa kutumia lahani za filamu za Kihindi. Baadhi ya mashairi aliyoyaimba yalitungwa na jamaa yake Ahmad Nassir Juma Bhalo, mwandishi wa diwani ya Malenga wa Mvita iliyochapishwa mwaka 1971.

Tanga nayo ilileta mtindo wake. Black Star Musical Club, na baadaye Lucky Star iliyotokana nayo, walitumia gitaa na besi la umeme pamoja na mapigo mepesi ya kuchezeka. Mwimbaji wao aliyevuma sana ni Shakila Saidi, aliyefariki mwaka 2016. Santuri hizi zilikuwa ndogo, za kuzunguka mara 45 kwa dakika, na kila upande ulichukua wimbo mfupi. Kwa hiyo, ingawa teknolojia ilikuwa imebadilika, ufupi uliendelea kuwa sharti la biashara.

### Kaseti na CD

Kaseti ilianzishwa na kampuni ya Philips mwaka 1963, na katika miongo miwili iliyofuata ilienea Afrika Mashariki kote. Ilikuwa rahisi kubeba, iliweza kurekodi harusi nzima, na mtu yeyote mwenye redio ya kaseti mbili aliweza kutoa nakala. Kila nakala ya nakala ilipoteza sehemu ya sauti na kuongeza mvumo. Mara nyingi pia ilipoteza majina, kwa kuwa anayenakili aliandika jina la mwimbaji tu, au hakuandika kitu.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 lebo ya GlobeStyle ya Uingereza ilirekodi vikundi vya Unguja kwa mitambo ya kisasa na kutoa mfululizo wa juzuu nne. Baada ya hapo lebo kadhaa za Ulaya zilitoa CD za rekodi mpya na za kale. Matokeo yake ni hali ya ajabu kidogo: baadhi ya rekodi bora za taarab zenye maelezo kamili hupatikana kwa urahisi zaidi London au Paris kuliko Tanga au Kilwa.

## Wimbo mmoja, rekodi nyingi

Wapenzi wa muziki wa Ulaya wa kale wamezoea kulinganisha rekodi. Jarida la The Gramophone lilianzishwa Uingereza mwaka 1923 kwa kazi hiyo hasa. Mfano unaotolewa mara nyingi ni wa mpiga piano wa Kanada, Glenn Gould, aliyerekodi kazi ya Bach iitwayo Goldberg Variations mara mbili, mwaka 1955 na mwaka 1981. Noti za Bach ni zile zile na mpigaji ni yule yule, lakini rekodi ya kwanza inachukua dakika 38 hivi na ya pili dakika 51 hivi. Hakuna aliyeweza kuthibitisha kwamba moja ni sahihi na nyingine ni kosa. Wapo wanaopenda kasi ya kijana na wapo wanaopenda utulivu wa mtu mzima.

Kwa taarab mfano ulio karibu zaidi ni Umm Kulthum wa Misri, ambaye sauti yake ilisikika mwambao kupitia santuri na redio. Katika maonyesho yake yaliyorushwa hewani kutoka Cairo, aliweza kurudia mstari mmoja mara nyingi, kila mara kwa namna tofauti, kufuatana na shangwe za waliohudhuria. Wimbo mmoja uliweza kufika saa nzima. Kwa hiyo wapenzi wake huzungumzia usiku fulani, kwa kuwa wimbo ule ule haukuwa sawa mara mbili.

Katika taarab ya Kiswahili mfano mzuri ni wimbo "Kijiti", unaohusishwa na Siti binti Saad. Unasimulia kisa cha mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeuawa Unguja. Muuaji alitorokea bara, huku wanawake waliofika mahakamani kutoa ushahidi wakiishia kuadhibiwa wenyewe kwa kosa la pombe. Wimbo huo ulikuwa habari na pia malalamiko juu ya haki. Miaka mingi baadaye uliimbwa na Bi Kidude, yaani Fatma binti Baraka, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013.

Anayetaka kujua wimbo huo ulisikikaje kwa watu waliokijua kisa chenyewe ataitafuta rekodi ya enzi ya Siti, yenye kikundi kidogo na sauti iliyo mbele ya ala. Anayetaka kusikia jinsi wimbo ulivyodumu katika kumbukumbu, na jinsi mwimbaji mzee anavyoweza kuukaza au kuulegeza, atamsikiliza Bi Kidude. Anayetaka maneno yote hatatosheka na rekodi yoyote peke yake, kwa kuwa kila moja imechagua beti zake. Atahitaji kuzilinganisha na kutafuta maandishi au watu wanaoukumbuka wimbo.

## Namna ya kuchagua rekodi

### Kuutambua wimbo

Nyimbo za taarab huitwa kwa majina zaidi ya moja. Wengine hutumia maneno ya kwanza ya ubeti wa kwanza, wengine kiitikio, na wengine jambo linalozungumzwa. Pia nyimbo mbili tofauti zinaweza kuwa na jina moja. Njia ya uhakika ni kulinganisha kiitikio na ubeti wa kwanza, pamoja na lahani. Ikiwa maneno ni yale yale lakini lahani ni nyingine, basi ni shairi moja lililopewa muziki mara mbili.

### Kutenganisha mtunzi, mwimbaji na kikundi

Katika taarab asilia mtunzi wa shairi, mtunzi wa lahani na mwimbaji wanaweza kuwa watu watatu tofauti. Rekodi nyingi humtaja mwimbaji na kikundi tu. Toleo linalowataja wote watatu lina thamani zaidi kwa mwanafunzi, hata kama sauti yake ni ya kawaida. Jina la kikundi peke yake halitoshi kwa sababu vikundi hudumu kuliko wanachama wake. Ikhwani Safaa wa miaka ya 1950 na Ikhwani Safaa wa 2005 ni chama kimoja chenye wapigaji tofauti.

### Kuangalia tarehe ya kurekodiwa

Tarehe ya kurekodiwa na tarehe ya kutolewa ni vitu viwili. CD ya mwaka 2007 inaweza kubeba santuri za miaka ya 1920. Anayeandika insha na kusema kwamba "wimbo huu ni wa 2007" atakuwa amekosea kwa karibu miaka 80. Tarehe ya kurekodiwa hupatikana mara nyingi katika kijitabu cha CD, na ndicho kitu cha kwanza kinachopotea faili inaponakiliwa.

### Kupima urefu

Dakika za wimbo hueleza mengi kabla hata ya kusikiliza. Wimbo wa dakika tatu huenda umetoka kwenye santuri ya lakiri au santuri ndogo, na beti zake zimepunguzwa. Wimbo wa dakika nane hadi kumi na tano huenda umetoka kwenye kanda ya redio, onyesho la ukumbini au CD. Ikiwa rekodi mbili za kikundi kimoja zinatofautiana sana kwa urefu, inafaa kuhesabu beti za kila moja.

### Kuchunguza kasi

Santuri ikizungushwa kwa kasi isiyo yake, muziki hubadilika kwa namna mbili: huenda haraka au polepole, na sauti hupanda au kushuka. Kwa mfano, santuri iliyorekodiwa kwa mizunguko 78 ikichezwa kwa mizunguko 82, wimbo wa sekunde 180 utaisha kwa sekunde 171 hivi. Sauti nayo itapanda karibu nusu-toni, yaani tofauti ya kitufe kimoja na cha jirani yake kwenye piano. Mwimbaji mtu mzima ataanza kusikika kama msichana. Kaseti zina tatizo hilo hilo ikiwa mashine ina betri dhaifu. Rekodi ambayo sauti ya mwimbaji anayejulikana inasikika nyembamba au nzito kuliko kawaida inapaswa kutiliwa shaka.

### Kutofautisha usafi na uhalisi

Programu za kompyuta huweza kuondoa mkwaruzo wa santuri. Zikitumiwa kwa kiasi husaidia. Zikizidishwa huondoa pia sauti za juu za muziki wenyewe: rika hupoteza mlio wa vibati vyake, fidla husikika kama imefunikwa blanketi, na herufi kama s na sh katika maneno ya mwimbaji hufifia. Kwa muziki ambao shairi ndilo kiini chake, hasara hiyo ni kubwa. Rekodi yenye mkwaruzo lakini maneno yanayosikika ni bora kuliko iliyosafishwa hadi maneno yakapotea.

## Rekodi muhimu

Zifuatazo ni baadhi ya rekodi ambazo hutumiwa kama mahali pa kuanzia.

- Poetry and Languid Charm (Topic, 2007). Mkusanyiko wa muziki wa Waswahili wa Tanzania na Kenya wa miaka ya 1920 hadi 1950, ulioandaliwa na mtafiti Janet Topp Fargion kutokana na santuri za Maktaba ya Uingereza. Unafaa kwa anayetaka kusikia enzi ya santuri za lakiri.
- Mfululizo wa Taarab wa GlobeStyle. Juzuu ya pili ni ya Ikhwani Safaa na ya nne ni ya Culture Musical Club, kikundi kilichoanzishwa mwaka 1958 na kinachojulikana pia kama Mila na Utamaduni. Unafaa kwa anayetaka kusikia okestra kubwa ya Unguja kwa sauti safi.
- Nyota: Classic Taarab from Tanga (GlobeStyle, 1989). Nyimbo za Black Star na Lucky Star. Ndiyo njia fupi ya kuelewa kwa nini taarab ya Tanga ilisikika tofauti na ya Unguja.
- Bashraf: Taarab Instrumentals from Zanzibar (Dizim). Culture Musical Club wakipiga vipande vya ala tupu. Inafaa kwa kujifunza sauti ya kila ala kabla ya kusikiliza nyimbo zenye uimbaji.
- Mfululizo wa Zanzibara (Buda Musique, Ufaransa), ulioanza mwaka 2005 chini ya uhariri wa Werner Graebner. Juzuu ya kwanza inaadhimisha miaka 100 ya Ikhwani Safaa, ya pili ni ya taarab ya Mombasa kati ya 1965 na 1975, ya nne ni ya Bi Kidude, na ya kumi ni ya Mombasa na Tanga kati ya 1970 na 1990. Vijitabu vyake vina maelezo mengi.

Anayeanza anaweza kufuata utaratibu rahisi: asikilize bashrafu moja ili kuzitambua ala, kisha wimbo mmoja wa okestra ya Unguja, kisha mmoja wa Tanga, na mwisho arudi kwenye santuri ya Siti. Akianza na santuri ya 1928 kabla ya masikio kuzoea, huenda mkwaruzo ukamkatisha tamaa.

## Usikilizaji nje ya miji mikubwa

Historia ya rekodi za taarab huelezwa zaidi kwa majina ya Unguja, Mombasa, Tanga na Dar es Salaam, kwa sababu huko ndiko kulikuwa na studio na maduka. Wasikilizaji wake walienea kuliko hapo. Katika miji midogo ya mwambao, kama Mohoro na Kibiti, na katika vijiji vya delta ya Mto Rufiji, redio ya betri ilifika mahali ambapo gramafoni na umeme havikufika. Kwa wengi rekodi bora ya wimbo ilikuwa ile iliyorushwa hewani, iliyosikika mara moja na kuhifadhiwa kichwani.

Leo taarab hufika zaidi kwa simu. Nyimbo huwekwa kwenye kadi ya kumbukumbu na kupita mkono kwa mkono, mara nyingi zikiwa na majina kama "Wimbo 03" au jina la mwimbaji asiye mwenyewe. Hapa ndipo watu wazima wenye masikio yaliyozoea huwa na umuhimu ambao mtandao hauwezi kuuchukua. Mtu aliyesikiliza redio katika miaka ya 1960 anaweza kuitambua sauti ya mwimbaji katika ubeti mmoja, kusema ni beti gani zimekatwa, na kueleza fumbo lililofichwa katika shairi na aliyelengwa nalo. Maarifa hayo hayamo ndani ya faili. Mwanafunzi anayeyaandika pamoja na jina la mtoa habari, mahali na tarehe, anaongeza kitu ambacho rekodi yenyewe haina.

## Hifadhi na hakimiliki

Kila aina ya chombo huharibika kwa njia yake. Santuri ya lakiri huvunjika ikianguka na hukwaruzika ikichezwa kwa sindano butu; inatakiwa kusimamishwa wima, mbali na jua. Kanda na kaseti zinahitaji mahali pakavu na mbali na spika, kwa sababu spika zina sumaku. Faili za sauti hazichakai, lakini hupotea mara moja simu au diski inapokufa. Kwa hiyo nakala moja haitoshi. Faili iliyobanwa sana ili iwe ndogo hupoteza sehemu ya sauti isiyoweza kurudishwa, hivyo nakala ya kuhifadhi huwekwa katika muundo usiobanwa, na ndogo hutumika kwa kusikiliza tu.

Chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy, kilichofunguliwa Mji Mkongwe wa Unguja mwaka 2002, hufundisha ala za taarab kama udi na kanuni. Kwa kuwa wanafunzi hujifunza nyimbo za zamani kutoka kwa walimu na kutoka kwenye rekodi, chuo kama hicho huonyesha matumizi mengine ya rekodi bora: kumfundisha mpigaji mpya.

Kazi za muziki Tanzania Bara zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003. Kulindwa huko kunahusu mtunzi wa shairi na wa lahani pamoja na watendaji walioipiga kazi. Hata hivyo, malipo huhitaji kujulikana kwa anayelipwa. Nyimbo nyingi za enzi za santuri na kaseti zinazunguka bila jina la mtunzi, na wimbo usio na jina ni vigumu kumlipa mtu au familia yake kwa ajili yake. Kuandika majina sahihi kwenye kila nakala ni sehemu ya kutafuta rekodi bora, na pia ni sehemu ya kuwatendea haki waliouimba wimbo huo.

## Tazama pia

- Taarab
- Siti binti Saad
- Bi Kidude
- Shakila Saidi
- Ikhwani Safaa
- Umm Kulthum
- Gramafoni
- Ushairi wa Kiswahili